Gari Limezimika Mlimani: Tufanye Nini?

Mwalimu wa kikundi, tafadhali andika ubaoni maneno matatu kwa herufi kubwa: HEWA, MAFUTA, MOTO. Wanafunzi, yasomeni pamoja kwa sauti. Hewa. Mafuta. Moto. Vema.

Chungu cha maharage hukaa juu ya mafiga matatu. Ukiondoa figa moja, chungu huanguka. Injini ya petroli nayo ina mafiga matatu, ndiyo hayo yaliyo ubaoni. Hewa huingia, mafuta huchanganyika nayo, na cheche ya moto hutoka kwenye plagi. Kimoja kikikosekana, injini hunyamaza. Kazi yetu leo ni kutafuta figa lililoondoka.

Tuseme umetoka mjini Same, unapanda kwenda Mbaga kwa njia ya Mwembe. Jua ni kali, na gari limejaa watu waliotoka sokoni. Kwenye kona injini inazimika. Dereva anazungusha ufunguo mara kumi, mara ishirini. Mwishowe betri nayo inakufa. Gari lilikuwa na ugonjwa mmoja, sasa lina miwili. Tufanye nini ili tusifike hapo?

KWANZA, OKOA WATU. Milima ya Upare ni mikali. Kilele chake cha Shengena kina urefu wa mita 2,462. Gari likirudi nyuma mahali kama hapo, watu hufa. Injini ikizimika, breki na usukani huwa vizito katika magari mengi, kwa sababu injini ndiyo iliyokuwa ikisaidia. Kanyaga breki kwa nguvu mara moja, usiiachie. Usichomoe ufunguo gari likiwa linatembea, maana usukani unaweza kujifunga. Vuta breki ya mkono. Utingo aweke mawe makubwa nyuma ya magurudumu. Abiria washuke, wakae kando ya barabara, si nyuma ya gari. Weka alama ya hatari nyuma, mbali kidogo, ili wanaokuja waione kabla ya kona.

PILI, KUMBUKA LILIVYOZIMIKA. Mganga humwuliza mgonjwa, "Uliumwaje?" Nawe jiulize hivyo. Kama injini ilikata ghafla kama taa iliyozimwa, shuku umeme. Kama ilikohoa, ikakosa nguvu, halafu ikanyamaza, shuku mafuta. Kama sindano ya joto ilikuwa imepanda juu, shuku maji. Hapo usifungue kifuniko cha rejeta. Maji yanayochemka yatakuruka usoni. Ngoja mpaka ipoe.

TATU, SIKILIZA STARTA. Hakikisha gia imetolewa, mawe yapo, na breki ya mkono imevutwa. Zungusha ufunguo kwa muda usiozidi sekunde 10, kisha sikiliza.

Kama starta haizunguki, au inalia ta-ta-ta na taa zinafifia, angalia betri. Zima kwanza, kisha shika vichwa vya waya. Vikicheza, vikaze. Vikiwa na unga mweupe, vikwangue. Huenda pia altaneta imeacha kuchaji, na injini imekunywa umeme wote wa betri njiani.

Kama starta inazunguka upesi na kwa wepesi kuliko kawaida, acha mara moja. Huenda mkanda wa taimingi umekatika, na kuendelea kuzungusha kunaweza kuvunja valvu. Gari hilo ni la kuvutwa mpaka kwa fundi.

Kama starta inazunguka kama siku zote, betri ni nzima. Sasa tafuta moto na mafuta.

NNE, TAFUTA MOTO. Anza na fyuzi; iliyoungua, waya wake mdogo umekatika. Tazama pia nyaya zilizochomoka kwa kutikiswa na mashimo. Katika magari ya zamani, ukungu na mvua za milimani huingiza maji katika kifuniko cha distributa. Kikaushe kwa kitambaa. Kupima cheche ya plagi ni kazi ya mtu aliyefundishwa, kwa maana umeme wake hupiga vikali, na mvuke wa petroli hushika moto.

TANO, TAFUTA MAFUTA. Usiamini sindano peke yake. Mafuta yakiwa kidogo, mlimani hukimbilia upande mmoja wa tangi, na bomba hufyonza hewa. Katika magari mengi ya siku hizi pampu imo ndani ya tangi. Washa ufunguo bila kupiga starta, na mwenzako asikilize karibu na tangi. Mngurumo mdogo wa sekunde mbili hivi ni dalili kwamba pampu inapata umeme. Katika magari ya zamani yenye kabureta, joto huweza kugeuza petroli kuwa mvuke ndani ya bomba. Acha injini ipumzike nusu saa, na funika pampu kwa kitambaa kilicholowa. Asiwepo mtu anayevuta sigara karibu.

Na dizeli? Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Hubana hewa mpaka iwe moto sana, na mafuta yakipuliziwa humo huwaka yenyewe. Kwa hiyo adui zake wakubwa ni maji katika chujio na hewa katika bomba. Mwaga maji ya chujio, kisha sukuma pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe.

Je, hewa? Vumbi la tambarare za Same huziba chujio la hewa. Likung'ute kabla ya safari, wala usingoje mlimani.

Mambo haya yasipofaa, tuma mtu akamwite fundi. Lakini sasa utaweza kumwambia, "Starta inazunguka, fyuzi ni nzima, pampu haingurumi." Fundi atajua aje na kifaa gani, na hutalipa safari mbili.

MASWALI. Jibuni katika daftari zenu.
1. Mafiga matatu ya injini ya petroli ni yapi?
2. Kwa nini tunaweka mawe kabla ya kufungua boneti?
3. Injini ilikohoa kabla ya kuzimika. Utashuku nini?
4. Starta inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida. Utafanya nini?

Kwaherini, na safari njema.