KWA NINI RISASI HAIPINDUKI HEWANI

Mtu aliyezoea kulenga shabaha hutazama kwanza umbo la tundu. Tundu la mviringo ni jema. Likiwa refu, maana yake risasi imefika ikienda ubavu, na mara nyingi kosa si la mkono wa mlengaji.

Mshale huwekewa manyoya mkiani ili usipinduke. Risasi haina manyoya. Nayo yenye ncha kali ina hatari zaidi, maana uzito wake mwingi uko nyuma, na hewa huisukuma usoni ikitaka kuipindua kitako kitangulie. Kinachoizuia ni kule kuzunguka tu. Ndani ya mtutu imechongwa mifereji inayopinda. Risasi hushikwa nayo, ikatoka ikizunguka kama pia ya watoto. Pia iliyotiwa nguvu husimama. Ikipungukiwa, huyumba ikaanguka.

Chukua Lee-Enfield, bunduki waliyoichukua askari wa K.A.R. huko Burma mwaka 1944. Mfereji wake huzunguka mara moja katika kila inchi 10. Risasi yake iitwayo Mark VII, iliyokubaliwa na jeshi la Uingereza mwaka 1910, hutoka kwa mwendo wa futi 2,440 hivi kwa sekunde. Piga hesabu: yazunguka zaidi ya mara 2,900 kwa sekunde moja!

Je, yatosha? Mwaka 1879 George Greenhill, mwalimu wa hesabu wa maofisa wa mizinga huko Woolwich, alitoa kanuni ambayo karani yeyote aweza kuitumia. Tafuta urefu wa risasi ni mara ngapi ya unene wake, kisha gawanya 150 kwa jibu hilo. Mark VII ni ndefu kadiri ya mara nne. Twapata 37 na nusu. Basi mfereji hauna budi kuzunguka mara moja katika urefu wa unene 37 na nusu, yaani inchi 11 na nusu hivi. Mfereji wa inchi 10 watosha, na ziada ipo. Angalia kwamba kanuni yauliza urefu kwanza, wala si uzito. Wengi hukosea hapo.

Risasi iliyotangulia ilikuwa butu, ya gramu 14 hivi. Mafundi walitaka ya gramu 11 ili iende kasi, lakini isiwe fupi. Ndipo wakajaza alumini ndani ya ncha. Hewani haikuleta dhara. Bali katika nyama, ambayo ni nzito zaidi ya mara 800 kuliko hewa, mzunguko haukuweza kuishika tena, nayo ikapinduka.

W. D. M. Bell, aliyewinda tembo Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, alipenda bunduki ndogo ya Rigby yenye risasi ndefu, butu, yenye gamba gumu. Uzani wake ulikaribia sana ule wa Mark VII, lakini ilipenya kichwa cha tembo ikienda moja kwa moja.