Ubongo wa mtoto hukaguliwa angali tumboni

KWA wazazi wengi mjini Nakuru, picha ya ultrasaundi ni ya kujua kama mtoto ni mvulana au msichana. Hata hivyo, mashine hiyo ina kazi kubwa zaidi: kuonyesha jinsi ubongo wa mtoto unavyokua kabla hajazaliwa.

Ultrasaundi haitumii miale kama eksirei. Kifaa kinachopitishwa juu ya tumbo hutoa sauti isiyosikika na masikio ya binadamu. Sauti hiyo hugonga viungo vya mtoto, hurudi kama mwangwi, na mashine huugeuza mwangwi kuwa picha.

Mwaka wa 2023, watafiti wakiongozwa na Ana Namburete wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walichapisha katika jarida la Nature ramani ya ubongo wa mtoto kuanzia wiki ya 14 hadi ya 31 ya mimba. Walitumia picha 1,059 za watoto 899, kisha wakaihakikisha kwa picha 1,487 za watoto wengine 1,295. Akina mama hao, wote wenye afya njema, walitoka sehemu nane za dunia, zikiwemo Muscat, Seattle na hapa kwetu Nairobi.

Iligunduliwa kwamba nusu ya kushoto ya ubongo na ile ya kulia huanza kutofautiana mapema, katika wiki ya 14. Tofauti hizo hufikia kilele kati ya wiki ya 20 na ya 26, katika sehemu zinazohusika na lugha. Tena, tofauti kati ya sehemu hizo nane zilikuwa chini ya asilimia 8 ya tofauti zote zilizopimwa. Kwa hivyo, kichwa kidogo mno au kilichojaa maji kisipuuzwe eti ni maumbile ya ukoo kabla daktari hajakichunguza.

Lakini vipimo hivyo hupotosha iwapo umri wa mimba haujulikani. Mtoto wa wiki 20 akidhaniwa ni wa wiki 24, ataonekana amedumaa. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka wa 2016 kwamba kila mjamzito apigwe picha mara moja kabla ya wiki ya 24. Anayeanza kliniki mimba ikiwa na miezi sita amekwisha kuchelewa.

Picha haionyeshi kila kasoro. Lakini mgongo wazi au maji kichwani yakigunduliwa mapema, wazazi hupata muda wa kupanga mahali pa kujifungulia na matibabu. Hospitali ya Kijabe, ukingoni mwa Bonde la Ufa, hufanyia watoto kama hao upasuaji.

Kinga nayo huanza kabla ya mimba, kwani mfereji unaokuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga katika wiki nne za kwanza. Anayetarajia kushika mimba amwulize mhudumu wa afya kuhusu tembe za foliki. Unga wa mahindi wa pakiti unatakiwa kisheria kuongezwa virutubishi tangu mwaka wa 2012, lakini ule wa kusagisha mtaani kwa kawaida hauna nyongeza hiyo.

Mama akikosa hedhi, aende kliniki. Asingoje tumbo lionekane.