Saa moja inayopotea Rusumo

Chukulia lori la matunda limemaliza taratibu za forodha Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda. Kwa saa ya dereva, ni saa 4 asubuhi. Mwenye mzigo anampigia mteja wa Kigali: "Tutafika saa 8 mchana." Hesabu ya mwendo ameipiga sawasawa. Hata hivyo, kwa saa za Kigali lori litafika saa 7, wapakuaji hawajaja, na matunda yatakaa juani saa nzima.

Tanzania, Kenya na Uganda ziko mbele kwa saa 1 ya Rwanda, Burundi, mashariki mwa Kongo, Zambia na Malawi. Saa 4 ya Tanzania ni saa 3 ya Rwanda.

Kosa la pili huwa kwenye mwendo. Rusumo hadi Kigali ni takriban kilomita 160. Tuseme nusu ya kwanza, kilomita 80, lori linakwenda kilomita 60 kwa saa. Nusu ya pili, yenye milima, kilomita 30 kwa saa. Wengi hujumlisha 60 na 30, wakagawanya kwa 2, wakapata 45. Sivyo. Gawanya umbali kwa mwendo, kila kipande peke yake: 80 kwa 60 ni saa 1 na dakika 20, 80 kwa 30 ni saa 2 na dakika 40. Jumla ni saa 4, yaani wastani wa kilomita 40 kwa saa.

Kosa la tatu liko kwenye kikokotoo. Ukigawanya 100 kwa 40 utapata 2.5. Hiyo si saa 2 na dakika 50, wala dakika 5. Zidisha 0.5 kwa 60: ni saa 2 na dakika 30.

Mteja akiandika 13:00, toa 6: ni saa 7 mchana.

Wakati wa kurudi, mambo hugeuka. Lori likiondoka Kigali saa 7 mchana na kusafiri saa 4, litafika Rusumo saa 11 jioni kwa saa za Rwanda, lakini upande wa Tanzania ni saa 12.

Kwa hiyo, kila miadi ya mzigo iandikwe na jina la mji pembeni: "saa 7 mchana, Kigali." Neno hilo moja huokoa saa nzima.