Mtoto Akiomba Kasuku

Watoto hupenda ndege, na kasuku huwavutia kuliko wengine wengi. Ana rangi nzuri, ana ucheshi, na baadhi yao huiga maneno ya watu. Basi si ajabu mwanao akikuomba umfugie mmoja. Kabla baba na mama hawajakubali, tuyatazame mambo machache kwa pamoja.

Kwanza, anatoka wapi? Wenzetu wa Kasekese na vijiji vingine vya Katavi wanaishi jirani na kasuku wa porini. Yupo yule wa rangi ya kahawia mwenye tumbo la kijani na manjano mabegani, anayetaga katika mashimo ya miti mikubwa ya miyombo. Kijana akipita mlangoni akiuza kinda wa namna hiyo, tusimnunue hata kama bei ni ndogo. Mara nyingi mti hukatwa ili kinda apatikane, na mwakani hakuna shimo la kutagia. Tena Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kukamata wala kufuga ndege wa porini bila kibali. Mwenye shaka aulize kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Tukumbuke pia kwamba katika miaka ya 1980 kasuku wadogo wa Fischer, ambao asili yao ni kaskazini mwa Tanzania, walikamatwa kwa maelfu na kuuzwa ng'ambo, hata wakapungua sana porini.

Pili, ni aina gani? Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu ndiye hodari wa kusema, lakini hatumshauri kwa nyumba yenye watoto wadogo. Anaweza kuishi miaka 40 au zaidi, akiachwa peke yake hujinyofoa manyoya, na mdomo wake unaweza kujeruhi kidole vibaya. Tena tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya wale waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Na matusi yakisemwa nyumbani, atayarudia mbele ya wageni!

Anayefaa zaidi ni kasuku mdogo mwenye asili ya Australia, ambaye kwa miaka mingi amezalishwa katika vizimba. Ni mpole, chakula chake ni kidogo, na huishi kati ya miaka 5 na 10. Wafugwe wawili, maana kasuku hapendi upweke. Muuzaji akueleze wazi kwamba ndege wake wamezaliwa kizimbani, na kama kibali kinahitajika, akuonyeshe.

Tatu, afya ya watoto. Kinyesi cha kasuku mgonjwa kikikauka, vumbi lake linaweza kuleta homa, kikohozi na maumivu ya kichwa. Kazi ya kusafisha kizimba iwe ya mtu mzima, naye alowanishe kinyesi kwa maji kabla ya kukiondoa. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wamgusapo ndege, wala wasimbusu. Mtoto akiugua kifua, mwambie daktari kwamba mnafuga kasuku.

Nne, matunzo. Kizimba kiwe kipana kiasi cha ndege kukunjua mabawa yote mawili, na kikae mbali na moshi wa jikoni, kwa sababu mapafu yake ni dhaifu. Mpe uwele, mtama, mchicha, karoti na maji safi kila siku. Usimpe parachichi, chokoleti, kahawa wala chumvi, kwani humdhuru na hata kumwua.

Ukiona mzigo huu ni mzito, usione haya kusema hapana. Njiwa wawili au kuku wachache watamfundisha mtoto uwajibikaji uleule kwa gharama ndogo. Na ninyi mnaoishi karibu na miyombo mnaweza kuwaonyesha watoto kasuku walio huru mitini alfajiri, bila kulipa hata senti.

Maandiko yanatufundisha kwamba mwenye haki hujali uhai wa mnyama wake. Basi kaa na mumeo na watoto, mwulizane: nani atamlisha tukisafiri? Nani atasafisha kizimba watoto wakienda shule? Kama kila swali lina jina la mtu, mleteni ndege nyumbani. Kama halina, mtoto na asubiri kwanza.