Batli ya Kompyuta na Hesabu ya Saa

Katika ubaharia wa Waswahili, batli ni daftari ambamo nahodha huandika mambo ya safari. Neno hilo lafaa pia kwa kumbukumbu ambazo kompyuta ya Linux hujiandikia yenyewe: nani ameingia, programu ipi imekwama, diski ipi imeshindwa kusomeka. Makala haya yanaeleza jinsi batli hiyo inavyohifadhiwa na kutafutwa katika mazingira ya Kindu.

Kuhifadhi ndiko kunakotangulia. Katika mifumo mingi ya leo, batli hukusanywa na programu iitwayo journald. Ikiwa saraka ya /var/log/journal haipo, kwa kawaida programu hiyo huandika katika kumbukumbu ya muda tu, na umeme ukikatika maandishi yote hupotea pamoja na ushahidi unaotafutwa. Kwa hiyo yafaa saraka hiyo iundwe mapema, kisha journald ianzishwe upya. Baada ya hapo amri "journalctl -b -1" huonyesha yaliyoandikwa kabla ya mashine kuzimika, ingawa dakika chache za mwisho huweza kukosekana. Diski ikielekea kujaa, "journalctl --vacuum-size=500M" hufuta batli za zamani.

Katika kutafuta, amri "journalctl -p err" huchuja makosa mazito, na "--since" pamoja na "--until" huweka mipaka ya wakati. Hapa ndipo lugha inapoingia. Mtumishi akisema kwamba mashine ilizimika "saa tatu usiku", Kiswahili sanifu humaanisha 21:00, kwa kuwa saa za usiku huhesabiwa tangu machweo. Lakini aliyezoea hesabu ya Kifaransa, lugha ya ofisi, huenda akakusudia 03:00. Kompyuta hufuata hesabu hii ya pili.

Tena, Kindu hufuata saa ya Lubumbashi, ambayo imeitangulia ile ya Kinshasa kwa saa 1. Mashine iliyopangwa kwa Africa/Kinshasa itaonyesha tukio la 21:00 kuwa la 20:00. Amri "timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi" hurekebisha jambo hilo.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika amri yoyote, mtafutaji hana budi kuuliza: saa iliyotajwa ni ya hesabu ipi, na mashine yenyewe imepangwa kwa saa ya wapi? Asipouliza, huenda akaisoma batli ya saa nyingine kabisa na kudhani kwamba hakuna kilichotokea.