Kuridhika na mshahara

Kuridhika na mshahara ni hali ya mfanyakazi kuona kwamba malipo anayopata yanalingana na kazi anayoifanya, elimu yake na mahitaji yake. Ni sehemu ya kuridhika na kazi kwa jumla, lakini mambo hayo mawili si kitu kimoja. Yuko muuguzi anayeipenda kazi yake na kuuchukia mshahara wake, na yuko karani anayelipwa vizuri ambaye kila Jumatatu huamka na moyo mzito.

Wengi hudhani jambo hili ni la hesabu tu, yaani anayelipwa zaidi ndiye anayeridhika zaidi. Tafiti hazikubaliani na dhana hiyo. Mwaka 2010 Timothy Judge na wenzake walikusanya pamoja matokeo ya tafiti nyingi zilizotangulia. Waliona kwamba uhusiano kati ya kiasi cha mshahara na kuridhika na kazi ni mdogo, takriban 0.15 katika kipimo ambacho 1 ni uhusiano kamili. Hata uhusiano kati ya kiasi cha mshahara na kuridhika na mshahara huohuo ulikuwa takriban 0.23 tu. Sababu mojawapo kubwa ni kwamba mfanyakazi hautazami mshahara wake peke yake. Huutazama pamoja na wa mwenzake.

Mfanyakazi hujilinganisha na nani

Mfano maarufu unatoka katika jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwanasosholojia Samuel Stouffer na wenzake waliwahoji askari wengi kuhusu maisha yao jeshini, na matokeo yakachapishwa mwaka 1949. Katika kikosi cha anga watu walipandishwa vyeo haraka. Katika polisi wa kijeshi kupanda cheo kulikuwa kwa nadra. Ingetarajiwa polisi ndio walalamike. Ikawa kinyume: malalamiko kuhusu vyeo yalikuwa mengi zaidi kikosi cha anga. Askari polisi ambaye hajapanda aliwatazama wenzake, akaona nao wako palepale. Yule wa kikosi cha anga aliwaona aliojiunga nao wakimpita mmoja baada ya mwingine.

Katika miaka ya 1960 mwanasaikolojia J. Stacy Adams alilieleza jambo hili kwa nadharia ya usawa. Kwa mujibu wake, mtu hupima anachotoa (juhudi, muda, elimu, uzoefu) dhidi ya anachopata, kisha hulinganisha matokeo na ya mtu mwingine anayemwona kuwa wa aina yake. Akiona amepunjwa, hatua zake zinaweza kutabiriwa: ataomba nyongeza, au atapunguza bidii, au atatafuta mtu mwingine wa kujilinganisha naye, au ataacha kazi. Wasomaji wa Biblia watakumbuka mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20. Walioanza kazi asubuhi walipewa dinari moja, kama walivyokubaliana na mwenye shamba. Manung'uniko yao yalianza pale walioajiriwa jioni walipopewa dinari hiyohiyo.

Wachumi walichelewa kulikubali wazo hili, lakini ushahidi umeongezeka. Andrew Clark na Andrew Oswald walichunguza wafanyakazi wapatao 5,000 wa Uingereza na kuonyesha mwaka 1996 kwamba kuridhika hupungua kadiri watu wa sifa zilezile wanavyolipwa zaidi. Waliona pia kwamba, mapato yakiwa sawa, wenye elimu kubwa zaidi huridhika kidogo zaidi, jambo ambalo halitamshangaza mhitimu yeyote wa chuo aliyeajiriwa kwa mshahara wa mtu wa kidato cha nne.

Jaribio lililo wazi zaidi lilifanywa katika Chuo Kikuu cha California na kuchapishwa mwaka 2012. Gazeti moja la huko lilikuwa limeweka kwenye intaneti mishahara ya watumishi wa umma wa jimbo hilo, chuo hicho kikiwemo. Watafiti David Card, Alexandre Mas, Enrico Moretti na Emmanuel Saez waliwachagua baadhi ya wafanyakazi kwa bahati nasibu na kuwajulisha kwamba tovuti hiyo ipo. Baadaye, waliokuwa wakilipwa chini ya mshahara wa katikati katika idara na kada yao walisema wameridhika kidogo zaidi, na wengi zaidi kati yao walifikiria kutafuta kazi nyingine. Waliokuwa juu hawakuongezewa furaha yoyote.

Hata hivyo tofauti ya malipo si lazima ilete uchungu. Katika jimbo la Odisha, India, Emily Breza na wenzake waliajiri vibarua katika vikundi vidogo vya uzalishaji, vingine vikiwa na malipo sawa na vingine malipo tofauti. Pale ambapo wafanyakazi hawakuweza kuona nani anazalisha zaidi, tofauti za ujira ziliwafanya wanaolipwa kidogo wapunguze kazi, na hata kukosa kufika wakati kukosa siku ni kukosa ujira. Pale ambapo kila mtu aliona kwa macho kwamba mwenzake anazalisha zaidi, tatizo hilo halikutokea. Tofauti inayoeleweka huvumilika.

Historia katika Afrika Mashariki

Katika utumishi wa serikali za kikoloni za Afrika Mashariki ulinganisho huu haukuhitaji utafiti, kwani uliandikwa katika viwango vya mishahara. Tume ya Holmes, iliyotoa ripoti mwaka 1948, ilipendekeza kwamba mtumishi asiye Mzungu alipwe tatu ya tano (3/5) ya mshahara wa Mzungu wa kazi ileile. Karani au mwalimu wa Kiafrika hakuhitaji kuambiwa na mtu yeyote kwamba amepunjwa. Tume ya Lidbury ya mwaka 1954 ilipendekeza kuiondoa kanuni hiyo.

Baada ya uhuru swali likageuka: msomi wa Kiafrika ajilinganishe na nani, na ofisa Mzungu aliyemrithi kiti au na mkulima wa kijijini kwao? Suala hilo lililipuka Dar es Salaam mwezi Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, yakiwemo ya kulipwa sehemu tu ya mshahara katika kipindi cha utumishi huo. Wanafunzi waliwanyoshea kidole viongozi na mishahara yao minono. Rais Julius Nyerere alikubali kwamba mishahara ya juu imezidi, akatangaza papo hapo kupunguza wa kwake kwa asilimia 20, kisha akawarudisha makwao wanafunzi karibu 400. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikuja na sharti kwamba kiongozi asiwe na mishahara miwili au zaidi.

Kulinganisha kazi mbili

Ulinganisho wa kila siku mara nyingi hukosewa kwa sababu watu hulinganisha tarakimu zisizo za aina moja. Kijana mlinzi anayemwonea wivu rafiki yake wa bodaboda hulinganisha mshahara wake na fedha zinazopita mkononi mwa rafiki huyo. Lakini katika fedha hizo mna hesabu ya mwenye pikipiki, mafuta, matengenezo na siku za mvua kubwa, na mara nyingi hamna likizo, michango ya pensheni wala fidia akiumia. Rafiki naye hukosea kwa upande wake akitazama mshahara wa jumla wa mlinzi bila makato. Tanzania, mwajiriwa hukatwa kodi na mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, na aliyesomeshwa kwa mkopo wa elimu ya juu hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe. Upande wa pili kuna posho na marupurupu, ambayo katika baadhi ya kazi hubadili picha nzima. Cha kulinganisha ni kinachobaki mkononi, kwa saa ngapi za kazi, na kwa uhakika gani wa kukipata mwezi ujao.

Fedha zinanunua nini

Si kweli kwamba mshahara hauna maana. Mwaka 1913 kiwanda cha magari cha Henry Ford huko Highland Park, Michigan, kilikuwa na kazi ngumu na ya kuchosha kiasi kwamba idadi ya walioacha kazi katika mwaka mmoja ilifikia takriban asilimia 370 ya nguvukazi yake. Yaani kwa kila nafasi, watu zaidi ya watatu walipita. Januari 1914 Ford alitangaza malipo ya dola 5 kwa siku ya saa nane, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha awali. Mwaka 1915 walioacha walikuwa takriban asilimia 16. Hata hivyo kazi yenyewe haikubadilika, mkanda uliendelea kwenda mbio, na ili kupata dola hizo zote mfanyakazi alipaswa kukubali maofisa wa kampuni wachunguze mwenendo wake nyumbani. Fedha zilinunua uvumilivu.

Frederick Herzberg alidai mwaka 1959, baada ya kuwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh, kwamba mshahara mbaya huleta manung'uniko lakini mshahara mzuri hauleti furaha ya kazi. Furaha hutokana na mafanikio, kutambuliwa na kazi yenyewe. Amekosolewa kwa kuwa watu wakihojiwa hupenda kujisifu kwa mazuri na kulaumu wengine kwa mabaya. Lakini Amy Wrzesniewski na Jane Dutton (2001) walikuta jambo linalofanana miongoni mwa wafanya usafi wa hospitali moja ya Marekani. Walifanya kazi ileile, lakini baadhi yao walijiona wapiga deki tu, na wengine walijiona sehemu ya uponyaji: waliongea na wagonjwa na kuipanga kazi yao kufuatana na hali ya wodi.

Kuridhika na haki

Kuridhika si uthibitisho kwamba malipo ni ya haki. Clark alionyesha mwaka 1997 kwamba wanawake wa Uingereza, ingawa walilipwa kidogo kuliko wanaume, walisema wameridhika zaidi. Maelezo yake ni kwamba walitarajia kidogo. Tofauti hiyo haikuonekana miongoni mwa vijana na wenye elimu ya juu. Mwajiri anayesema wafanyakazi wake hawalalamiki huenda ana wafanyakazi ambao hawajui wenzao wanalipwa nini.

Kwa sababu hiyo usiri wa mishahara umekuwa suala la sheria. Marekani, sheria ya mahusiano ya kazi ya mwaka 1935 inawalinda wafanyakazi wengi wa sekta binafsi wanaozungumzia mishahara yao wao kwa wao, na Uingereza iliweka kinga ya namna hiyo katika Sheria ya Usawa ya 2010, pale mazungumzo yanapolenga kufichua ubaguzi wa malipo. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 agizo linalompa mfanyakazi haki ya kuuliza wastani wa malipo ya wanaume na wanawake wanaofanya kazi sawa na yake.