Kalenda ya ofisi isiwe mali ya karani

Ofisi nyingi ndogo hapa Pwani, kuanzia madrasa na vikundi vya wavuvi hadi kampuni za utalii za watu watatu, zimeacha daftari la miadi na sasa zatumia kalenda ya simu. Ni jambo zuri. Lakini ukichunguza kalenda yenyewe ni ya nani, mara nyingi utakuta ni ya yule kijana mmoja anayejua kompyuta. Aliianzisha kwa barua pepe yake, akawaonyesha wenzake, na kwa kuwa kila mtu anaiona ratiba kwenye simu yake, watu wakadhani ni ya wote. Kuonyeshwa kitu si kukimiliki.

Mfano mzuri nimeuona Ikutha. Kwa wasioijua, ukitoka Mombasa kwa barabara ya Nairobi, ukifika Kibwezi wakata kulia, wavuka Mto Athi na kuingia Kaunti ya Kitui. Huko pojo ndilo zao la kutegemewa, ingawa wenyewe waziita ndengu. Kuna kikundi cha wakulima, jina lake naliacha, chenye ghala lake. Wanunuzi, wakiwemo wa Kongowea, hupangiwa siku ya kuja na lori, na wakulima wa vijijini huambiwa walete magunia siku moja kabla. Mavuno makubwa huja Januari na Februari, baada ya mvua za vuli, kwa hivyo ratiba ya miezi hiyo miwili ndiyo ada ya shule ya mwaka mzima.

Desemba karani wao alipata kazi kwingine. Akiwa huko, alisafisha simu yake na kufuta shughuli zote za ghala, maana hazikumhusu tena. Zilipofutika kwake, zikafutika kwa kila mtu. Januari lori likafika, ghala limefungwa na hakuna gunia lililoletwa. Dereva alingoja hadi adhuhuri, kisha akaenda kujaza kwa madalali, na bei ya dalali mkulima aijua.

Mimi hushughulika na kompyuta, nikaitwa. Kijana alipopatikana kwa simu alimwambia mwekahazina, "Nilidhani natoa zangu, mama." Na kwa kweli hakusema uongo. Zilikuwa kwenye kalenda yenye jina lake, ndani ya akaunti yake. Bahati ni kwamba Kalenda ya Google huweka shughuli zilizofutwa kwenye pipa la taka kwa siku 30 hivi, na siku hizo zilikuwa hazijatimia. Mwekahazina mwenyewe asingeweza kuzirudisha, kwa sababu ruhusa aliyokuwa nayo ni ya kutazama tu. Anayetazama tu hawezi kurudisha kilichofutwa, wala hawezi kutoa nakala ya kalenda nzima. Alirudisha kijana, kisha akatoa nakala ya kalenda kama faili na kututumia. Kazi hiyo ya kutoa na kuingiza faili hufanyika kwenye kompyuta, kwenye programu ya simu hutaipata.

Tukaanza upya hivi. Tulifungua akaunti mpya yenye jina la kazi, si la mtu. Jina kama "ghala" au "miadi" pamoja na jina la kikundi latosha. Namba ya simu ya kuirudishia akaunti ni ya laini ya kikundi, inayokaa ofisini. Hapa ndipo watu wengi huteleza, kwa sababu huandika namba ya mfanyakazi. Akiondoka, ule ujumbe wa tarakimu za kuthibitisha waenda mfukoni mwake popote alipo. Google pia hutoa tarakimu za akiba, seti kumi, kila moja hutumika mara moja tu. Tulizichapisha, karatasi ikaingia kwenye sanduku la fedha. Na akaunti hiyo ifunguliwe mara kwa mara, maana tangu Desemba 2023 Google yaweza kufuta akaunti ya kawaida ambayo haijatumika kwa miaka miwili.

Ndani ya akaunti hiyo tuliunda kalenda mbili, moja ya malori na moja ya mikutano, tukaingiza lile faili la zamani. Kisha kila mtu akapewa ruhusa kupitia barua pepe yake mwenyewe. Neno la siri la akaunti ya ofisi halikugawiwa kila mtu. Mwenyekiti na mwekahazina wanalo, basi. Ruhusa zenyewe ni za ngazi nne: kuona tu kama kuna nafasi au hakuna, kuona maelezo yote, kubadilisha shughuli, na ya juu kabisa, kubadilisha pamoja na kuamua nani mwingine aingie. Karani mpya anahitaji ile ya tatu. Siku akiondoka, jina lake laondolewa kwenye orodha na kalenda yabaki palepale. Akifuta chochote kwa haraka haraka kabla hajaaga, mwenye ngazi ya tatu au ya nne ataweza kufungua pipa la taka na kukirudisha.

Ofisi zinazolipia Microsoft 365 zina njia fupi zaidi: sanduku la barua la pamoja. Lina kalenda yake, halina mtu mmoja mwenyewe, na halihitaji leseni ya peke yake mradi lisizidi gigabaiti 50. Kwa kikundi cha wakulima hiyo ni gharama isiyo na sababu.

Kuna jambo letu sisi Waswahili ambalo vitabu vya maelekezo havilitaji. Mwenyekiti akisema lori laja saa tisa, karani huandika tisa. Kalenda nayo huelewa saa tatu asubuhi. Nimelikuta kosa hili Likoni na Malindi pia, na kila mara watu hulaumu simu. Tumia mtindo wa saa 24: saa tisa alasiri ni 15:00, na hakuna tena wa kubishana. Angalia pia kwenye mipangilio kama saa ni ya Nairobi, hasa kama simu imetoka Dubai mkononi mwa jamaa.

Shughuli iandikwe ili hata mgeni aielewe. "Lori la yule wa juzi" si maandishi ya ofisi. Andika mnunuzi, magunia mangapi, nani atafungua ghala. Namba za vitambulisho vya wakulima usizitie humo, kwa kuwa Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yakutaka uwe mwangalifu na habari za watu, na kalenda inayoonekana na watu kumi si mahali pake.

Na kwa kuwa intaneti ya Ikutha ina siku zake, kila Ijumaa karani huchapisha ratiba ya wiki ijayo na kuibandika kwenye mlango wa ghala. Mwanzoni niliona ni kazi ya ziada. Sasa madereva husimama kuisoma wakipita, na wakulima ambao hawana simu za kisasa huitazama siku ya soko kabla hawajapanda boda kurudi nyumbani.